FUMBO LA MANENO: MAJIBU, MAELEZO, NA KOSA LETU



Katika nambari iliyopita ya buletini yetu tulitoa fumbo la maneno ya kupishana. Lilikuwa na maneno kumi: manne ya kulala na sita ya kusimama. Tulisema kwamba atakayejaza vijumba vyote sawasawa atapewa kaye moja ya kurasa mia. Karatasi zilikuja nyingi kuliko tulivyotazamia, na malalamiko nayo yalikuja. Wamoja walisema: «Hii si Kiswahili, ni uchawi wa kalasi ya sita.» Wengine waliuliza juu ya nini tunaandika habari za kima na zabibu pahali pa kuuliza mambo ya maana. Hata watu wa jikoni walituma mtu kuuliza kama tunawashitaki. Tena kulikuwa na mmoja aliyelalamika kwa haki kabisa, nasi hatukumsikiliza. Huyo tutamfikia chini, maana habari yake ndiyo iliyotufanya tuandike somo hili kwa urefu.

1. HILI NI FUMBO LA NAMNA GANI?

Wote tunajua kitendawili. Mzee anatega, watoto wanajibu. Lakini kitendawili mara nyingi unakijua kwa sababu ulikisikia kwa bibi yako. Ukiambiwa habari ya nyumba isiyo na mlango, unasema «yai» bila kufikiri. Kama hukukisikia kamwe, unaweza kutoa majibu matano yote mazuri, na mwenye kutega atakataa yote, nawe huna namna ya kumshinda.

Wengi wetu tunajua pia maneno ya kupishana ya Kifaransa. Katika hayo mtungaji anacheza hasa na maana: anatoa maelezo yenye sura mbili, nawe unatafuta sura ile aliyoificha.

Fumbo tulilotoa sisi linafuata njia ya Waingereza, ambayo mwalimu wetu mmoja alituonyesha. Ndani yake kila fumbo lina njia mbili za kufikia jibu moja. Njia ya kwanza ni MAANA, kama katika kamusi. Njia ya pili ni UFUNDI WA HERUFI: herufi zenyewe zinachanganywa, zinafichwa, zinakatwa au zinageuzwa. Njia hizo mbili zikikutana kwa neno moja, hakuna haja ya kumwuliza mtungaji. Unajua mwenyewe kwamba umepata. Ni kama katika hesabu: ukimaliza kugawanya, unazidisha kuona kama hesabu inarudi.

2. HISTORIA KIDOGO

Maneno ya kupishana ya kwanza yalitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool katika Uingereza. Yalichapwa katika gazeti New York World la Marekani tarehe 21 Desemba 1913. Maana zake zilikuwa za wazi tu. Waingereza ndio waliozifanya ngumu. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers alianza kutunga katika gazeti The Observer, akijiita Torquemada, jina la mtesaji wa watu katika Hispania ya zamani. Munaona alivyowapenda wasomaji wake! Alipokufa mwaka 1939, pahali pake palichukuliwa na mwalimu wa shule, Derrick Macnutt, aliyejiita Ximenes. Huyu ndiye aliyeandika sheria za mchezo katika kitabu cha mwaka 1966.

Kabla yake, mwaka 1949, mchungaji mmoja aliyekuwa pia mkuu wa shule, A. F. Ritchie, alikuwa amekwisha kutoa sheria kubwa kuliko zote. Yeye alijiita Afrit, ndiyo afriti tunayoijua katika hadithi. Sheria yake kwa maneno yetu ni hii: mtungaji ana ruhusa ya kumpoteza msomaji, lakini kila neno aliloandika likisomwa vizuri lazima liwe la kweli. Muikumbuke sheria hiyo. Itatuhukumu chini.

Wala musifikiri ni mchezo wa watu wasio na kazi. John Graham, mchungaji wa Anglikana aliyejiita Araucaria, alitungia gazeti The Guardian miaka mingi sana. Mwezi wa Januari 2013, akiwa mzee wa miaka 91, aliwajulisha wasomaji wake kwamba ana kansa. Hakuwaandikia barua, habari hiyo aliiweka ndani ya fumbo lake. Waliolifungua waliona neno kwa neno ugonjwa na pahali ulipokaa. Alikufa mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Alizungumza nao kwa njia ile waliyokuwa wamezoea.

3. MAJIBU NA MAELEZO

Namba iliyo ndani ya mabano inaonyesha hesabu ya herufi. Tunaanza na yale mepesi.

3 kusimama: «Habari imechafuka: maji mengi yenye chumvi (6).» Jibu ni BAHARI. Maana ni «maji mengi yenye chumvi». Ufundi: chukua herufi za «habari», uzichafue, uzipange upya. Neno «imechafuka» ndilo ishara. Kila mara mukiona kuchafuka, kuvurugika, kuchanganyika, kulewa, ovyo, mujiulize kama neno la karibu linapaswa kuvunjwa.

8 kusimama: «Masika yamevurugika: huyu anaishi ziwani (6).» Njia ni ile ile. Herufi za MASIKA zikivurugwa zinatoa SAMAKI. Kijana mmoja aliandika KIBOKO. Kiboko anaishi ziwani kweli, na herufi zake ni sita, lakini masika hayana B wala O. Hapa ndipo munaona faida ya njia mbili: maana peke yake haitoshi.

4 kulala: «Ndani ya darasa hanipi chombo cha chakula (6).» Hili ndilo lililokasirisha jikoni. Hatukumshitaki mtu. Muangalie ndani ya maneno mawili «darasa hanipi»: dara-SA HANI-pi. SAHANI imekaa pale wazi, mbele ya macho yenu. «Ndani ya» ni ishara ya kuficha. Kanuni: fumbo likitaja ndani, katikati, tumbo, sehemu, musisome maneno, musome herufi zilizofuatana, mukisahau nafasi iliyo kati ya maneno.

2 kusimama: «Mji umo ndani ya zabibu kavu (6).» Sasa wote mumeona: zabi-BU KAVU. BUKAVU. Wengine walisema kwamba wamekaa katika mji ule miaka yao yote na hawakuona zabibu hata moja. Ni kweli, lakini fumbo halikusema zabibu zimo ndani ya mji.

1 kusimama: «Ngoma bila kichwa: mji karibu ya Nyiragongo (4).» Kichwa cha neno ni herufi yake ya kwanza. NGOMA ikikatwa N, inabaki GOMA. Nyiragongo ni ule mlima wa moto ambao mwaka 2002 lava yake ilishuka mpaka ndani ya mji, kwa hiyo maana haikuwa nguvu kwa mtu yeyote wa huku. Kama kichwa kinakatwa, mkia nao unaweza kukatwa, na moyo unaweza kutolewa. Mufikirie neno kama kuku.

2 kulala: «Afrika kwa mfano, na Ulaya kwa mfano: motokari inapita hapo (8).» Afrika ni bara. Ulaya ni bara. Bara na bara ni BARABARA. Hapa neno linajengwa kwa vipande, kama ukuta wa matofali. Juu ya nini tuliandika «kwa mfano»? Kwa sababu Afrika ni bara, lakini bara si lazima iwe Afrika. Mtungaji mwaminifu anamwambia msomaji kwamba anatoa mfano tu.

5 kulala: «Weka mbegu, uende juu (5).» Hapa hakuna ufundi wa herufi. Kuna maana mbili zilizosimama pamoja. Kuweka mbegu ni kupanda, kwenda juu ni kupanda. Jibu ni PANDA. Fumbo likiwa fupi hivi, mara nyingi ni la namna hii.

7 kulala: «Si ndani ya kima! Ni mahali pa kuteka maji (6).» Tunakiri kwamba hili tunalipenda. Karibu wote walifikiri tunakataza kitu: kwamba maji hayatekwi ndani ya kima. Lakini musome kama mafundi: chukua neno SI, uliweke ndani ya neno KIMA. KI-SI-MA. Neno «si», ambalo wote waliliona dogo na la bure, ndilo lililokuwa tofali la katikati.

7 kusimama: «Kila Ijumaa tunafagia internati, mianzo tu, kisha tunakikalia (4).» Mianzo ya maneno manne ya kwanza: K, I, T, I. KITI. Mwalimu mmoja aliuliza juu ya nini tuliandika Ijumaa, na sisi wote hapa tunasema siku ya tano. Ni kwa sababu ya herufi I. Tungeandika siku ya tano, kiti kingevunjika. Lakini habari ya kufagia mianzo tu, hiyo watu wa internati wanajua kama ni fumbo au ni ushuhuda.

4. KOSA LETU

Sasa limebaki moja, 6 kusimama. Tuliliandika hivi: «Hali isiyo na vita, ikirudi nyuma, shusha kichwa (5).»

Jibu letu lilikuwa AMANI. Tulifikiri hivi: hali isiyo na vita ni amani, kushusha kichwa ni kuinama, na INAMA ukiisoma kwa kurudi nyuma, herufi kwa herufi, inakuwa AMANI. Mujaribu wenyewe. Tulipoiona mara ya kwanza tulifurahi sana, tukaona kwamba Kiswahili chenyewe kilitutungia.

Karatasi ya mwanafunzi mmoja wa kalasi ya pili ilikuwa sawasawa pahali pote, isipokuwa hapo aliandika INAMA. Tulimwandikia kosa. Kaye tuliwapa wengine, yaani rafiki yetu mmoja wa kalasi ya sita tunayekaa naye benchi moja.

Kijana alitufuata kwenye mstari wa chakula cha jioni. Alisema kwa heshima: «Yaya kapita, fumbo lako linaingia pande zote mbili. Amani ikirudi nyuma ni inama.» Tulimjibu kwamba wadogo hawasahihishi wakubwa. Alipoendelea kusema, tuliandika jina lake katika orodha ya wapiga kelele, na siku ya posho alikata majani nyuma ya internati pamoja na wale waliofanya kelele kweli.

Juma lililofuata tulimwonyesha mwalimu wa Kiswahili lile fumbo, kwa kujivuna kidogo. Alilisoma mara mbili, akauliza neno moja tu: «Ikirudi. Ni nini inayorudi?»

Tulikaa kimya. Ndugu zetu, muangalie sarufi. «I» ya «ikirudi» inafuata «hali»: hali hii, hali ikirudi. Inayorudi nyuma ni hali isiyo na vita, ndiyo kusema AMANI inarudi nyuma, na ikirudi inatoa INAMA, ambayo maana yake ni «shusha kichwa». Hatukuandika popote kwamba kushusha kichwa kunarudi nyuma. Kwa hiyo tungehitaji «kukirudi». Kwa hiyo si kwamba jibu la kijana lilikuwa zuri sawa na la kwetu. Jibu lake lilikuwa zuri, na letu ndilo lilikuwa baya. Tulikusudia kitu kimoja tukaandika kingine. Ile sheria ya Afrit tuliivunja, na yule aliyesoma tulichoandika tulimpa azabu kwa sababu hakusoma tulichokuwa nacho moyoni.

Kuna kosa la pili, la mchoro. Watungaji wengi wa Uingereza wanashika kanuni kwamba karibu nusu ya herufi za kila neno zipishane na maneno mengine, ili msomaji apate msaada. Neno letu lilipishana pahali pamoja tu, katika herufi yake ya tatu, ambayo ni A ya mwisho ya KISIMA. Na herufi ya tatu ya AMANI ni A, herufi ya tatu ya INAMA ni A vilevile! Hata mtu mwenye akili zote hangeweza kujua kwa kuangalia mchoro.

Tungeandika namna gani? Hivi: «Inama kwa kurudi nyuma, upate hali isiyo na vita (5).» Sasa inayogeuzwa ni «inama» tu, na maana imekaa mwisho peke yake. Jibu ni AMANI, na hakuna mlango mwingine.

Katika Kitabu cha Waamuzi sura ya 14, Samsoni aliwategea vijana thelathini kitendawili juu ya simba na asali. Tulipokuwa wadogo tulimpenda Samsoni kwa werevu wake. Leo tunaona jambo lingine: jibu la kitendawili kile lilikuwa katika tukio ambalo yeye peke yake aliliona, wala hakumwambia hata baba yake na mama yake. Hakuna mtu angeweza kulifungua kwa akili tu. Na munajua ugomvi uliofuata. Mwenye kutega ambaye ameshika ufunguo wote mfukoni anaweza kushinda kila mara, lakini kushinda kule si werevu.

Sisi makapita tunaandika orodha, tunatoa amri, tunapiga kengele. Amri nayo ni kama fumbo: mdogo hawezi kusoma moyo wetu, anasoma neno tulilosema. Kama neno letu lilikwenda upande mwingine, kosa ni la mwenye kusema.

Kwa hiyo tumefanya hivi. Tumemwomba kijana msamaha mbele ya kalasi yake, na sasa tunamwomba tena hapa mbele ya shule nzima. Jina lake limefutwa katika orodha, ijapokuwa majani aliyoyakata hayawezi kurudishwa pahali pake. Rafiki yetu wa kalasi ya sita alitaka kutoa ile kaye, lakini alikuwa amekwisha kuandika ndani yake somo la kemia. Tumenunua nyingine kwa feza yetu wenyewe. Wale wengine wote walioandika INAMA, tumewahesabia jibu hilo kuwa zuri.

5. NAMNA YA KUFUNGUA: SHAURI KWA WANAOANZA

Kwanza, musiamini hadithi inayosimuliwa na fumbo. Kima, zabibu, jikoni, yote ni nguo ya juu tu.

Pili, mutafute maana mwanzoni au mwishoni. Karibu kila mara imekaa upande mmoja wa fumbo. Katikati haikai.

Tatu, mutafute neno la ishara: kuchafuka, ndani ya, bila kichwa, kurudi nyuma, mianzo. Likipatikana, maneno ya jirani ni herufi tu.

Nne, muangalie viambishi. Yu-, i-, ki-, ya-, vinaonyesha nani anafanya nini. Hapa Kiswahili kinatusaidia sana: kiambishi kimoja kinaweza kufunga mlango ambao tungeuacha wazi. Sisi tumejifunza kwa haya.

Tano, musiandike jibu kwa wino mpaka njia zote mbili zimekubali.

Na kwa wale wanaotaka kutunga: musitumie mafumbo ya kusikia kwa sikio. Tulijaribu moja juu ya «kula» na «kura», tukaliacha. Wenzetu wamoja wanatamka maneno haya mawili sawa, wengine wanatofautisha, na kila mtu angesema sikio lake ndilo zuri.

6. YA KUJARIBU

Haya manne hayana kaye, yana furaha tu. Majibu katika nambari ijayo.

a) Katikati ya mwalimu kuna chakula (4).
b) Kata ovyo: ni uchafu (4).
c) Nyumba bila kichwa: enda kama mlevi (5).
d) Mfuniko wa nyumba, ruka juu (3).

Kabla ya kuyapeleka kwenye stensili, tumempa yule kijana wa kalasi ya pili ayasome. Alikubali matatu. La nne alilirudisha mara moja tulitengeneze, nasi tulilitengeneza.

Ni sisi,
Kapita mkuu wa wanafunzi, kalasi ya sita